Mombasa na Mumbai: Umbali Uliosimama na Muda Uliopungua

Halmashauri ya maadhimisho ilipotukabidhi ukurasa wa historia katika kitabu hiki cha kumbukumbu, tulidhani kazi yetu ingekuwa kupanga miaka na matukio ya hekalu kwa utaratibu. Tuliwazuru wazee wa hekalu, na pia wazee wa mtaa ambao si wa dini yetu lakini wamekuwa majirani zetu tangu utotoni, tukawauliza jinsi jamaa zao walivyofika hapa. Jambo moja lilitushangaza. Karibu kila mmoja alianza kwa kutaja siku. Huyu alisema babu yake alikaa baharini siku arobaini. Yule alisema mama yake alikuja kwa meli akiwa bibi harusi, siku tisa, saba kati ya hizo akiwa mgonjwa wa bahari. Hakuna aliyetaja maili wala kilomita. Kwa hiyo tumeona heri tuandike juu ya safari yenyewe, kwa sababu mengi ya maisha ya hekalu letu yametegemea urefu wake.

Tuanze na kile kisichobadilika. Kutoka Uwanja wa Ndege wa Moi, Mombasa, hadi Uwanja wa Chhatrapati Shivaji, Mumbai, ni kilomita 4,460 hivi, yaani maili za baharini 2,400 na kidogo. Hicho ni kipimo cha uzi uliovutwa juu ya tufe la dunia kutoka mji hadi mji. Anayepima kwa rula juu ya ramani ya ukutani atapata jibu jingine, kwa kuwa ramani imeinyoosha dunia iliyo mviringo. Maili ya baharini nayo ina mita 1,852, na asili yake ni dunia yenyewe: ni dakika moja ya latitudo, sehemu moja katika sitini ya digrii. Mombasa iko digrii 4 kusini mwa ikweta, Mumbai digrii 19 kaskazini yake, na kati yao kwa upande wa mashariki kuna digrii 33 na ushei. Uzi huo ukivutwa hupita juu ya maji karibu safari nzima. Mwenye kusimama Forodhani akitazama kaskazini mashariki hana nchi kubwa mbele yake mpaka India.

Umbali huo ndio aliokuwa nao nahodha wa jahazi la Mandvi, na ndio alio nao rubani wa leo. Kilichotofautiana ni muda, na kwa karne nyingi muda haukuwa mikononi mwa msafiri.

Wakazi wa pwani hii hawahitaji kuelezwa kaskazi na kusi. Kaskazi huvuma tangu Novemba au Desemba hadi Machi, ikaleta majahazi kutoka Kutch, Kathiawar, Uarabuni na Ghuba. Kusi ikishika, kuanzia Aprili, huyarudisha. Lakini katikati yake, Juni na Julai, huvuma kwa ukali hata bandari za magharibi mwa India zikawa hazikaribiki kwa vyombo vya tanga. Hivyo mwenye jahazi alikuwa na nafasi mbili tu za kuondoka hapa: mapema kabla kusi haijakomaa, au mwishoni ilipoanza kulegea. Aliyezikosa alikaa akingoja. Kwa upepo mwema safari ya upande mmoja ilichukua wiki tatu hadi sita, ila safari ya kwenda na kurudi ilikuwa mwaka, hata kama siku za kuwa baharini zilikuwa hamsini tu. Neno letu msimu, lenye asili ya Kiarabu, ndilo wazungu walilolichukua wakaliita jina la pepo hizo, na majirani zetu wanaolitumia kila siku hawana haja ya kukumbushwa nani aliwafundisha wengine.

Mfano ulio wazi kuliko yote umo katika safari ya Vasco da Gama, nasi tunautaja kwa sababu ya tarehe zake. Aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi ikianza, akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa Malindi, ambaye wanahistoria wengi siku hizi wanaamini alikuwa Mgujarati. Baada ya siku 23 hivi waliona milima ya India, na tarehe 20 Mei wakatia nanga karibu na Calicut. Wakati wa kurudi hakusubiri kaskazi ishike. Aliondoka kisiwa cha Anjediva mwanzoni mwa Oktoba, akakutana na shwari na pepo za mbisho, na hakuiona pwani ya Afrika mpaka mwanzoni mwa Januari 1499. Bahari ile ile, vyombo vile vile: kwenda wiki tatu, kurudi karibu miezi mitatu. Watu thelathini hivi walikufa njiani, wengi kwa kiseyeye, na mabaharia waliobaki hawakutosha, hata wakalazimika kuiteketeza moja ya merikebu zao katika pwani hii. Hapana nahodha wa Kutch ambaye angefanya kosa hilo.

Katika daftari la safari ile kuna habari nyingine inayotuhusu zaidi. Huko Malindi Wareno walikuta vyombo vinne vya wafanyabiashara wa Kihindi. Walipowaonyesha picha takatifu ya Bikira Maria, Wahindi hao waliinama hadi chini, na Wareno wakaandika kwa furaha kwamba wamewapata Wakristo. Lakini mwandishi huyo huyo akaongeza kwamba watu hawa hawali nyama ya ng'ombe. Msomaji wa ukurasa huu ameshatambua walikuwa nani. Ni miongoni mwa habari za kale zaidi zilizoandikwa na Wazungu juu ya Wahindu katika pwani hii, na waliouandika hawakujua wanachokiandika.

Tusidhani kwamba majahazi yalikuwa ya dini moja. Mara nyingi mwenye mzigo alikuwa Bhatia au Vania, nahodha akawa Mwislamu wa Kutch, na mabaharia wakawa mchanganyiko. Mwenye mzigo Mhindu alikuwa na mashaka yake ya ziada, kwa sababu mila za matabaka ya juu zilikataza kuvuka bahari, maji meusi kama yalivyoitwa, na aliyerudi alidaiwa ibada za kujitakasa. Wengi hawakuja na wake zao. Hata Jairam Shivji, Mbhatia aliyeshika forodha ya Zanzibar tangu miaka ya 1830 na kuwa tajiri aliyewakopesha matajiri wengine, alikuwa mtu wa Kutch kwa moyo na kwa nyumba. Biashara yao ilisafiri kwa karatasi kuliko kwa dhahabu. Hundi ya Mandvi ililipwa Zanzibar, na neno hilo likabaki katika Kiswahili. Leo tunaliandika benki bila kukumbuka jahazi lililolileta.

Kisha ukaja moshi. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na mwaka 1872 kampuni ya British India Steam Navigation ilianza huduma ya barua kwa meli za stima hadi Zanzibar. Stima haikuomba ruhusa kwa kaskazi. Mwaka 1879 waya wa simu uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden ukafika Zanzibar, na kuanzia hapo habari na mwili vikaachana: habari ikaenda kwa saa, mwili ukaenda kwa siku. Jambo hili tutalirudia, kwa maana ndipo uchungu ulipo.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa mwaka 1896, na mpaka ilipofika Ziwa Victoria mwaka 1901 vibarua na mafundi karibu 32,000 walikuwa wameletwa kutoka India, wengi wao kutoka Punjab. Waliokufa walihesabiwa kuwa 2,493. Waliobaki baada ya mikataba yao kwisha walikuwa kama 6,700, chini ya robo. Mara nyingi tumesikia ikisemwa kwamba Wahindi wote wa Kenya ni watoto wa reli. Si kweli. Wengi walikuja baadaye kwa nauli zao wenyewe, wakiitwa na mjomba mwenye duka, nao walikuja kwa meli za sitaha, wakilala juu ya mikeka na kupika chakula chao kulingana na dini na tabaka. Meli yenye mwendo wa maili 16 kwa saa ingeikata bahari hii kwa siku sita na robo kama ingekwenda moja kwa moja. Nyingi zilipitia Seychelles au bandari nyingine, na zile za zamani zilikuwa za polepole zaidi, hivyo safari ilikuwa siku nane hadi kumi na mbili.

Hapa hatuna budi kusimama kwa ajili ya meli ya Tilawa. Iling'oa nanga Bombay tarehe 20 Novemba 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, ikielekea Mombasa, kisha Msumbiji na Durban, ikiwa na watu 958. Usiku wa kuamkia tarehe 23, kaskazini mashariki ya Seychelles, nyambizi ya Japani iliipiga kwa kombora. Watu wakaingia mashuani. Baadhi yao, meli ilipoonekana bado inaelea, walianza kurudi. Kombora la pili likaizamisha. Manowari ya Kiingereza iitwayo Birmingham iliokoa karibu wote kati ya watu 678 walionusurika na kuwarudisha Bombay. Watu 280 walipotea. Wengi wa abiria walikuwa wakirudi kwa waume, wazazi na maduka yao katika pwani hii na kusini zaidi. Katika miaka ya karibuni jina la meli hiyo limesikika tena kwa sababu ya vipande 2,364 vya fedha vilivyoopolewa kutoka ndani yake na kugombaniwa katika mahakama za Uingereza hadi mwaka 2024. Fedha ilihesabiwa kipande kwa kipande. Kwetu sisi hesabu nzito ni ile ya 280, na tumeiomba halmashauri iruhusu taa moja iwashwe hekaluni kila tarehe 23 Novemba, kwa kuwa baharini hapana mahali pa kuweka kaburi wala pa kuchomea maiti.

Baada ya vita zilikuja Kampala na Karanja, meli ambazo wazee wetu huzitaja kana kwamba ni jamaa. Karanja ilianza kazi mwaka 1948 na iliuzwa mwaka 1976. Kati ya miaka hiyo ilishusha Kilindini maharusi, walimu, mapandit, sanduku za vitabu, masufuria ya shaba, na murti zilizofungwa kwa pamba na magunia. Lakini meli zilibeba pia watu waliokuwa wakiondoka bila kupenda. Mwaka 1972 treni kutoka Kampala zilileta Mombasa familia zilizofukuzwa Uganda, na kutoka bandarini wakapanda meli kwenda Bombay. Wengine walikuwa hawajapata kuiona India. Kwao siku zile tisa hazikuwa za kurudi nyumbani.

Wakati huo huo anga ilikuwa imekwisha kufunguka. Mwaka 1950 Air India International ilianza kuruka kati ya Bombay na Nairobi kupitia Aden, kwa ndege za Constellation zenye rafadha nne. Ndege za Nairobi zilitua Eastleigh. Uwanja wa Embakasi ulifunguliwa mwaka 1958, na sehemu kubwa ya kazi yake ilifanywa kwa jasho la wafungwa na mahabusu wa wakati wa Hali ya Hatari. Sisi tunaoutumia kwenda hija hatuna haki ya kulisahau hilo. Uwanja huo, ambao tangu 1978 una jina la Jomo Kenyatta, uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, mabawa huinua kidogo na injini huvuta kidogo, kwa hiyo ndege iliyojaa huhitaji kukimbia sana kabla ya kuruka, na njia yake ya kurukia imezidi kilomita 4. Ndege za jeti zilipoingia katika miaka ya 1960, Aden haikuhitajika tena.

Hivi leo kutoka Nairobi hadi Mumbai ni kilomita 4,530 hivi. Ndege yenye kwenda kilomita 850 kwa saa ingehitaji saa tano na theluthi moja. Ukiongeza kupanda, kushuka na kuzunguka uwanjani, abiria hukaa ndani kwa saa tano na nusu hadi sita. Pepo bado zina neno, lakini si zile za babu zetu. Kati ya Juni na Septemba, kusi inapovuma chini kuelekea India, huko juu sana, kwenye tabaka za ndege na zaidi, upepo juu ya bahari hiyo huvuma kinyume, kutoka mashariki kwenda magharibi. Nahodha aliyeisubiri kusi imsukume nyumbani angestaajabu kusikia kwamba mjukuu wake, akiwa juu ya bahari ile ile mwezi ule ule, anakwenda mbisho.

Na kuna kinaya kingine ambacho sisi wa Mombasa tunakijua vizuri. Mji huu uliotazamana na India moja kwa moja kwa zaidi ya miaka elfu sasa huanza safari ya India kwa kuipa India kisogo. Abiria wetu kwa kawaida hupanda kwanza kwenda Nairobi, kilomita 420 na kidogo kuelekea bara, au huzungukia Addis Ababa au miji ya Ghuba. Kilomita 4,460 zinakuwa 4,950 kwa njia ya Nairobi, na muda wa kungoja kiwanjani mara nyingine hukaribia muda wa kuruka. Jahazi lilikuwa la polepole, lakini liliondoka Bandari ya Kale.

Tulisema tutarudi kwenye uchungu. Kwa desturi yetu maiti huchomwa upesi, ikiwezekana siku ile ile, na ibada kuu za maombolezo hufikia mwisho siku ya kumi na tatu. Katika enzi ya stima, simu ya kifo ilifika Mombasa jioni ile ile. Mwana mkubwa aliyepaswa kuwasha moto alikuwa amechelewa kabla hajaisoma, na hata kama meli ingekuwa bandarini siku hiyo, angefika siku ya kumi au ya kumi na mbili, na mara nyingi meli haikuwepo. Wazee walituambia jinsi ndugu mdogo au binamu alivyoshika kazi hiyo huko, huku mwana akinyoa nywele hapa na kuketi sakafuni miongoni mwa majirani. Majirani Waislamu walileta chakula kisicho na nyama, wakijua masharti bila kuulizwa. Leo mwana akipata simu asubuhi anaweza kuwa Mumbai usiku unaofuata. Vivyo hivyo kwa majivu: wapo wanaoyapeleka Ganga huko Haridwar, au Godavari huko Nashik, na wapo wanaoyamwaga katika maji ya hapa hapa, kwa hoja kwamba bahari iliyowaleta wazee ni moja. Hatuoni sababu ya kuwalaumu wa upande wowote.

Limebaki suala la kalenda, ambalo ndilo lililozua mjadala mkali zaidi kati yetu tulipokuwa tukitayarisha kurasa hizi. Ndege imeufupisha muda wa safari, ila haikulisogeza jua. Majirani zetu Waswahili huanza siku mpya jua linapotua, na huhesabu saa zake tangu asubuhi. Sisi katika mambo ya ibada huanza siku jua linapochomoza. Siku ya mfungo wa Ekadashi hutazamwa hasa kwa tithi iliyopo wakati wa macheo, na tithi hutokana na mwendo wa mwezi na jua, ikiwa na urefu wa saa 19 hadi 26 hivi. Jua huchomoza Mombasa baada ya Mumbai kwa muda wa kati ya saa moja na nusu na saa tatu, kufuatana na majira. Basi ikitokea kwamba tithi ya kumi imekwisha katika nafasi hiyo, Mumbai itakuwa imeamka katika ya kumi na Mombasa katika ya kumi na moja, na mfungo wetu utatangulia wao kwa siku moja.

Zamani panchang zilizochapwa India zilifika kwa meli, na hekalu lilifunga kwa macheo ya Gujarat. Hapakuwa na njia nyingine, na kulikuwa na faraja fulani katika kujua kwamba mama alikuwa akifunga siku hiyo hiyo ng'ambo. Miongoni mwetu wapo wanaoona faraja hiyo ina thamani kuliko hesabu. Wengine, nasi tunaoandika tumo humo, tunaona kwamba hekalu lililojengwa hapa lifuate jua la hapa. Mzee mmoja alitusikiliza kwa subira, kisha akauliza ni nani atakayempigia simu dada yake Porbandar kumweleza kwamba amekosea siku. Tulicheka, lakini hatukumjibu.

Halmashauri haijaamua. Kwa sasa, katika kurasa za mwisho za kitabu hiki, tumechapisha saa za macheo ya Mombasa kwa kila mwezi, na kando yake zile za Mumbai, pamoja na tofauti ya saa mbili na nusu ya saa za ukutani. Mgeni wetu wa maadhimisho atazihitaji. Ndege inayoondoka Mumbai saa kumi na mbili asubuhi kwa saa za huko, ikiruka kwa saa sita, hutua Nairobi saa tatu na nusu asubuhi kwa saa zetu. Akiwahi ndege ya Mombasa, atakuwa nasi kabla ya arti ya jioni, na maua aliyoyachuma kwake alfajiri yatakuwa bado hayajanyauka.